Hakuna Aliyebeba Sufuria

Sisi tuliokulia Ujiji miaka ile watu wakivuka ziwa kukimbia vita, sinema hatukuitazama tu. Tuliijibu. Banda la video lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa maturubai, na Jumamosi mchana mlinukia jasho, karanga za kukaanga na dagaa walioanikwa nje. Kando ya televisheni alikaa Kaka Saidi, mtafsiri wetu, na maikrofoni yake inayokwaruza. Jenerali wa Kizungu akifungua mdomo, Kiswahili kilimtoka Kaka Saidi.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. "Wewe hata ugali utauuliza umetoka wapi," mama alikuwa akisema, huku akinipakulia samaki wa mgebuka anayeelea kwenye mawese.

Mwaka huo tulikuwa na wageni nyumbani, Bahati na mama yake, waliofika kwa boti kutoka Kongo. Bahati alikuwa rika langu. Alijua kuunda gari la waya lenye usukani unaokata kona kweli, na kwenye gololi alitufilisi mtaa mzima. Tatizo lilikuwa furushi. Mama Bahati aliliweka nyuma ya mlango, limefungwa kwa kitenge, na ndani yake mlikuwa na sufuria yake kubwa. Alipikia sufuria zetu, akaziosha, akazirudisha.

"Dada, si ufungue vitu vyako?" mama alimwambia.

"Bado, dada. Tunaweza kuambiwa tuondoke kesho."

Kwa sababu hiyo Bahati hakuandikishwa shule. Nilijua kwamba siku furushi litakapofunguliwa, rafiki yangu atabaki. Kila nikitoka shule nilichungulia nyuma ya mlango kwanza, ndipo nisalimie.

Jumamosi moja ukaletwa mkanda wa bomu la nyuklia. Mama Bahati, ambaye hakupenda mwanawe awe mbali na macho yake, akaja nasi, akakaa benchi la nyuma na kitenge chake. Marais wawili walikuwa wamenuniana, makombora yamesimamishwa, na kidole kikielekea kwenye kitufe chekundu.

"Mheshimiwa," Kaka Saidi akanguruma kwa niaba ya jenerali, "wakirusha hawa tumekwisha, kuanzia Katonga hadi Kalinzi!"

"Kwani Wamarekani wanakijua kijiji cha Kalinzi?" nikauliza.

"Kaa chini! Wana ramani!" Kaka Saidi akanijibu.

King'ora kikalia. Kwenye kioo watu wakatoka mbio majumbani, wengine wamebeba mbwa, mmoja amebeba picha ya ukutani. Wengi mle ndani walikuwa wamevuka ziwa, na king'ora kile hakikuwa mchezo kwao. Ndipo sauti ya Mama Bahati ikapaa kutoka nyuma, imejaa hasira ya mtaalamu:

"Batu hawa hawajui kukimbia! Hakuna hata mmoja aliyebeba sufuria!"

Banda zima lilipasuka. "Na chumvi je?" mama mmoja wa Kirundi akadakia. "Mbwa atawapikia?" Watu walicheka hadi benchi moja likaanguka na waliokuwa juu yake. Mama Bahati mwenyewe alicheka akijifuta machozi kwa kitenge. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo.

Kidole kilipogusa kitufe, jenereta likazima.

"Mafutaaa!" tukapiga kelele. Mafuta hayakuwepo. Bahati akanishika mkono. "Wamebonyeza?"

Kaka Saidi hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Katika giza lile la mchana akaendelea kwa mdomo mtupu: simu ikalia, rais wa pili akasema jamani tumechoka, wakakubaliana, makombora yakarudishwa stoo.

"Umejuaje?" nikauliza.

"Mwache," akasema Mama Bahati. "Mwache amalize."

Kesho yake niliamshwa na harufu ya sombe, kisamvu kilichoungwa kwa mawese. Jikoni, juu ya mafiga yetu, ilikaa sufuria kubwa nisiyoijua, kitako chake cheusi kwa moto wa nyumba nyingine. Kitenge cha furushi kilikuwa kiunoni mwa Mama Bahati. "Shikamoo mama," nikasema, nikasahau kabisa kuuliza swali. Jumatatu Bahati alikaa dawati moja na mimi, akanifilisi gololi zangu zote wakati wa mapumziko.

Vijana wa sasa hutazama filamu kwenye simu, kila mtu na waya zake masikioni, na sehemu ya kutisha wanairuka kwa kidole. Benchi gani litawaangusha kwa kicheko? Nilipokuwa chuo niliutafuta ule mkanda nikautazama hadi mwisho, peke yangu kitandani. Hakuna simu iliyolia. Kaka Saidi alitutungia. Mimi ambaye sikubali kitu bila ushahidi, mwisho wake ndio ninaousimulia hadi leo, maana ule wa kwenye filamu haukumfanya mtu yeyote afungue furushi.

Na kweli, nilitazama kwa makini. Hakuna aliyebeba sufuria.