Makofi Kabla ya Mchango

Mchangishaji wa baa ile ya jirani na stendi ya Makambako haanzi na maneno, anaanza na mkono. Watu wameficha mikono ndani ya makoti kwa baridi, yeye anakuja na kipaza sauti chake, anakusalimia kwa adabu zote, anauvuta mkono wako nje ya mfuko na hauachii tena. Jumamosi iliyopita ilikuwa harusi ya mtu usiyemjua, leo ni jezi za timu. Kisha anapaza ile sauti yake ya kimahubiri: "Dada yetu Idda ameguswa! Makofi kwake!" Na watu wanapiga makofi, Idda hata hajafungua mdomo. Ukishapigiwa makofi utakataaje?

Idda alikuwa ametoka kuuza viazi, alitaka kula nyama yake kwa amani tu. Damu ikamchemka. Kutoa ni moyo, ndivyo tulivyofundishwa. Huu ulikuwa unyang'anyi wenye tabasamu. Akasimama, mkono bado umeshikwa.

"Jamani," akasema, "kaka yetu naye ameguswa! Yeye ndiye anafungua mchango. Makofi kwake!"

Baa nzima ikalipuka. Mchangishaji akacheka, akauachia mkono wa Idda. Wa kwake ukaingia taratibu kwenye mfuko wa koti. Watu wakapiga makofi, wakapiga tena, na mkono ule haukutoka, kana kwamba baridi yote ya Makambako imemshukia yeye peke yake.