Nilimwambia Mume Wangu Nimeshamfuta

Admin, jina langu libaki kwako. Bunda hii tunajuana, na haya sijamwambia hata dada yangu.

Mimi ni mama wa miaka 32, naishi Nyasura na mume wangu na binti yetu wa miaka mitatu, tumwite Zai. Kazi yangu watu hawaielewi, hata mama mkwe alidhani nashinda nikicheza. Kuna vijana wa Dar wanatengeneza magemu ya simu, mimi nawatengenezea watu wa ndani ya gemu. Mtu huyo anachorwa vipande vipande, kichwa mbali, mkono mbali, mguu mbali. Mimi ndiye ninayeviunga, kiganja kwenye mkono, mkono kwenye bega, ili bega likisogea vyote vifuate.

Aliyenifanya niielewe kazi hiyo ni mume wangu, ingawa kompyuta hajui hata kuiwasha. Yeye ni fundi seremala. Nilipokuwa najifunza niliunga viungo kinyume, nikivuta kidole mwili mzima unaburutwa kama gunia. Alisimama nyuma yangu akacheka mpaka akashika meza. "Mke wangu, umefunga fremu kwenye mlango! Fremu ndiyo inabebaga mlango. Tafuta fremu yake kwanza." Nikaanzia kiunoni, nikaunga kwenda nje, na yule mtu akasimama.

Halafu wakahitaji mtu anayetembea. Tulikuwa tumeenda Mugango kumsalimia shangazi yake, nikamwambia atembee kule ufukweni nimrekodi kwa simu. Mume wangu alikuwa anatembea bega la kushoto likitangulia, kama bado amebeba ubao. Nikauiga mwendo ule hatua kwa hatua, nikamvalisha yule mtu na kofia kama yake. Wakati huo nilikuwa na mimba ya Zai.

Zai alikuwa na miezi mitano baba yake alipopata kiharusi. Upande wote wa kushoto ukalala. Kwa hiyo mwanangu hajawahi kumwona baba yake akitembea, anamjua wa kwenye kiti. Mwaka jana akamwona yule mtu kwenye kompyuta yangu. Akaitambua kofia ya baba yake, akapiga kelele, "Baba anatembea!" Akakimbia kubusu kioo. Baba mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake, hatua tatu nyuma yetu.

Jioni aliniambia, "Mfute huyo." Nikajitetea kwamba ni kazi. Akasema taratibu, maana ulimi nao ulikuwa mzito, "Kazi ulishapelekaga. Wewe unamwangaliaga huyo kuliko mimi. Mimi niko hapa, mama Zai."

Ilikuwa kweli. Nikamfuta mbele ya macho yake. Lakini nilikuwa nimeshamhifadhi kwenye flashi, nikaificha ndani ya kopo la iliki.

Baada ya siku ile mume wangu alibadilika. Alimwita fundi mwenzake wakapigilia ubao wa kushikilia kwenye ukuta wa korido, akaanza mazoezi kila alasiri. Alinikataza kumtazama. "Siku ikifika utaniona." Mimi nikapata nafasi. Akiwa kule anahema na kuanguka na kuinuka, mimi jikoni nachomeka flashi. Naona aibu kuandika hivi, lakini nina mume hai na nilikuwa namlilia kama mjane.

Wiki mbili zilizopita, alasiri, Zai alikuwa kwa jirani. Nilikuwa jikoni na kompyuta yangu, nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, bila fimbo, mkono mmoja kwenye fremu, jasho linamtiririka. Alikuwa ameimaliza korido nzima peke yake kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa bado unacheka. Alikuja kunionyesha.

Na kwenye kioo alikuwepo yule mwingine, bega likitangulia, anakwenda na kurudi.

Alimtazama kwa muda mrefu. Kicheko kikamtoka usoni. "Kumbe yupo," akasema. Kisha akaniomba nimletee kiti.

Nilimletea kiti, nikapiga magoti, nikalia. Nikachukua nyundo kwenye sanduku lake la kazi nikaivunja ile flashi mbele yake. Hakunizuia. Alisema tu, "Ungemwacha. Yule angalau unampendaga."

Tangu siku hiyo hajaugusa ule ubao wa ukutani. Anakula, anaswali kwenye kiti, Zai akimvuta mkono anamwambia baba amechoka. Mimi ananijibu vizuri tu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, bora angenitukana. Nimemwapia kwamba sikumpenda mwingine, kwamba mle ndani nilikuwa namtafuta yeye. Ananitazama kisha anaangalia dirishani.

Najua kosa ni langu, msiogope kunisema. Lakini mkishanisema, nishaurini ndugu zangu. Nifanye nini ili ainuke tena, na safari hii akifika mlangoni anikute namtazama yeye?