Mlango wa Yule Shujaa

Nakumbuka alasiri moja wakati wa vita, ningali kijana, nimelala sakafuni na malaria hapa hapa mtaani kwetu Buyenzi, nikisikia watu wanagonga mlango na siwezi kunyanyuka. Lakini ngoja, mwanangu, nianze na huo mchezo unaoucheza kwenye simu, maana ndio ulionikumbusha.

Huo si mchezo mpya. Wameutengeneza upya tu, wakaupaka rangi nzuri. Sisi tuliucheza nyuma ya duka moja la redio kule mtaa wa Asiatique, siku ambazo umeme upo na mji umetulia. Kijana wa kawaida, muuza mikate, anapewa joho jekundu, kisha watu wanaanza kumkodi awaokoe, naye anaruka kutoka paa hadi paa. Tulimpenda mno. Nadhani ni kwa sababu sisi tulikuwa tunaogopa hata kwenda sokoni.

Mama yangu na dada yangu, huyo mama yako, walikuwa wameshapita Gatumba kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilibaki kulinda nyumba. Vita vilipochacha mtaa wa Kamenge, watu walikimbilia kwetu mikono mitupu. Askari wa bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, walinizoea, na hakuna upande ulioniona adui. Basi mmoja akaniomba nimletee cherehani yake aliyoiacha kule, mwingine godoro, mwingine sufuria. Walinipa sukari au sabuni, walichokuwa nacho. Vijana wakaniita Shujaa, kama yule wa mchezo, nami kichwa kikavimba. Mama akatuma ujumbe kupitia wachuuzi wa samaki: njoo. Nikajibu nina kazi. Akatuma tena, nikajibu vile vile.

Jioni nilikula peke yangu. Nyumba ilikuwa kimya, mwanangu, hata nikawa nawasha redio ili nisikie tu mtu akizungumza. Mtaa mzima ulinijua, na hakuna aliyewahi kuketi kwangu.

Ndipo malaria ikanilaza. Mlangoni nikasikia sauti ya yule niliyemletea godoro. "Shujaa, uko?" Nilijaribu kuitika, koo limekauka. Akamwambia mwenzake, "Hayuko. Tutafute mwingine." Wakaenda zao. Homa haikuniliza, ila maneno hayo yaliniliza.

Aliyeingia, kupitia uani, ni Mama Shabani, jirani yetu aliyekuwa akikaanga mandazi. Aliniita Yusufu. Nilikuwa sijaitwa jina langu kwa muda mrefu, nikageuka taratibu kama anaitwa mtu mwingine. Alininywesha uji, halafu akanikemea bila kupandisha sauti.

"We mutoto, watu wanajua kazi yako tu. Kama umekula, kama uko mugonjwa, nani anajua? Mama yako anakuita, we unasema apana. Ukikufa hapa, mi nitamwambia nini?"

"Lakini watu wananihitaji," nilisema.

"Wanataka mutu wa kubeba vitu. Wamepata mwingine tayari. Mama yako atapata Yusufu mwingine wapi?"

Nilipopata nguvu nilivuka mpaka. Mama hakuniuliza nimemsaidia nani. Alinigusa mbavu, akasema nimekonda, akaenda kuniwekea chakula. Nilikaa naye miezi michache tu kabla hajafariki, na mpaka leo zinaniuma zile wiki nilizokuwa na kazi.

Katika mchezo wetu wa zamani, nyumba ya yule kijana ilikuwepo mwanzoni mwa barabara, ila mlango wake haukufunguka. Tulibonyeza mpaka vidole vikauma. Hivi punde nimechungulia simu yako, nikaona kwamba katika huu mpya unafunguka, na ndani mama yake ameketi mezani. Wewe ukampita mbio.

Mwanangu, unatengeneza simu za mtaa mzima na wote wanakusifu. Endelea kuwasaidia, sikukatazi. Lakini usikubali kujulikana kwa kazi yako peke yake. Kaa karibu na mtu anayejua kama umekula, na akikuita, itika siku hiyo hiyo.

Tangu nianze kuzungumza, simu yako imeita mara mbili ukaikata. Ni mama yako. Simamisha mchezo umpigie, na Mungu akujalie daima mlango unaofunguka hata ukifika mikono mitupu.