Gia ya Athumani

Naikumbuka, mwanangu, siku ile mdogo wangu Athumani aliponiletea gia ya trekta lake, imepasuka kwenye maungio. Jina langu lilikuwa juu. Shule niliiachia darasa la nne, lakini mageti ya maana kuanzia Mnyuzi mpaka Handeni mjini nimeyachomelea mimi. Nani angenifundisha chuma?

Mzee Mhina, fundi mitambo mstaafu, alikuwa kwenye benchi langu akisubiri jembe lake. Aliigeuza gia ile, akaguna.

"Hii usiiguse. Kiwandani wameiunga kwa mwale wa elektroni, ndani ya chumba kilichonyonywa hewa yote. Moto wake mwembamba kama sindano. Unazama, na chuma cha pembeni hakina habari. Wewe na rodi yako ya kuchomelea utaipika nzima, iwe kama kigae. Aagize mpya."

"Mzee, shikamoo yako nimekupa," nikamjibu, "lakini hizo elektroni zimewahi kutengeneza geti?"

Watu wakacheka, Athumani kuliko wote. "Chomelea, kaka! Mvua imeshanyesha, Kwamsisi wanangoja kulimiwa."

Nikachomelea. Nikaisaga mpaka ikang'aa. Mzee Mhina alichukua jembe lake, akasema tu, "Sikio la kufa halisikii dawa."

Siku ya tatu, kwenye mteremko wa Kwamsisi, gia ikavunjika palepale nilipounga. Injini haikulishika tena trekta, na breki peke yake hazikutosha. Trekta likapinduka, likamlalia Athumani miguu. Leo Athumani anashinda kibarazani, anatazama magugu yakimeza shamba lake.

Kinachonimaliza si hicho tu. Hospitali nilimwambia, "Mteremko ule mbaya, mdogo wangu." Akaamini. Mpaka leo wageni wakimuuliza, anawaambia ni mteremko, kisha anaongeza, "Gia kaka aliiunga vizuri sana." Nami nipo hapohapo, nakunywa chai yake. Mageti yote hayo nimeyasimamisha, neno moja la kweli limenishinda.

Mwanangu, "hii siiwezi" ni neno la fundi. Liseme mbele ya watu, kabla hujawasha mashine. Na ukiharibu, kiri siku hiyohiyo, maana kweli ikilala huwa nzito kuinyanyua. Mimi sijui kama nitaweza tena. Mola akupe ulimi mwepesi kuliko wangu, na nduguyo umwone akija kwako kwa miguu yake.