Mtoto Alisema Huyu Ni Tata

Admin, ficha jina langu na la shule. Watu wa kwetu wanasoma ukurasa wako zaidi kuliko wanavyosoma gazeti.

Naandika Machi 2025. Ni miaka kumi na saba tangu nifukuzwe shambani kwangu Bonde la Ufa katika ghasia za uchaguzi. Nina umri wa miaka sabini na miwili. Nilizaliwa kule, nikawa karani wa chama cha maziwa kule, na vitabu vyangu viliteketea pamoja na nyumba kule. Nilikuja Nyamira kwenye boma la baba yangu, mahali nilipokuwa napajua kwa matanga tu. Kaka yangu alinimegea kipande karibu na kijito, nikajenga. Mpaka leo naitwa "yule wa Rift", yaani wa Bonde la Ufa.

Naishi na mke wangu na mjukuu wetu wa miaka minne, nitamwita Moraa. Wazazi wake wanauza viatu Kisii mjini na huja siku ya Sabato. Mimi ndiye humpeleka chekechea, si mbali na Ekerenyo, na kumchukua saa sita.

Siku moja mwezi uliopita mvua ilinichelewesha. Nilipofika, mwalimu aliniambia bila wasiwasi kwamba Moraa ameshaenda nyumbani, babake amemchukua. Nikampigia mwanangu simu. Alikuwa dukani Kisii, anampimia mteja viatu.

Mwalimu akanieleza kwamba alikuja mwanamume kwa pikipiki, kofia ngumu kichwani, na yeye hakumtoa mtoto hivihivi. Alimuuliza kwanza.

"Mzee, mtoto mwenyewe alisema huyu ni tata."

Msiokuwa Wagusii, nieleweni. Tata ni baba. Lakini kwetu mtoto aliyelelewa vizuri humwita tata kila mwanamume wa rika la baba yake, na wa rika langu humwita sokoro, yaani babu. Hilo si jina la mtu. Ni salamu.

Tulimpata jioni sokoni Ekerenyo, ameketi juu ya gunia kwenye kibanda cha mama muuza ndizi, amelowa, kiatu kimoja hakipo. Huyo tata alikuwa mtoto wa kaka yangu, mwendesha bodaboda. Aliona mvua akataka kutusaidia, kisha akapata abiria wa Nyamira mjini, akamwacha mtoto kwa yule mama. Mama hakujua ni mtoto wa nani. Alisema alijua mwenyewe atakuja tu.

Nilimshukuru Mungu. Lakini mimi nimewahi kuona jambo hili likiisha vingine. Katika uwanja wa mahema tulikokimbilia tulipofukuzwa, binti wa dada yangu, wakati huo wa umri kama wa Moraa sasa, alikabidhiwa mwanamume aliyesema ni baba yake mdogo. Hatujamwona tena.

Ndipo nikaomba mkutano wa wazazi. Niliomba jambo dogo: mtoto atolewe kwa mtu ambaye wazazi wamemtambulisha, na akija mwingine, mwalimu apige simu kwanza. Na lango lifungwe kwa kufuli, maana sasa linafungwa kwa kamba ya mgomba. Kaka yangu ndiye mwenyekiti wa wazazi. Alisema namwita mwanawe mwizi wa watoto. Mzazi mmoja akauliza kama sasa tutautambulisha ukoo mzima kwa mwalimu, kana kwamba yeye ni bibi harusi.

Jikoni mwa shule kulikuwa na mwanamume anashusha kuni, mgeni kabisa. Hakuna aliyejua hata jina lake. Nilimwomba asimame mlangoni mwa darasa. Nikawauliza watoto, huyu ni nani?

"Tata!" Darasa zima, kwa sauti moja.

Wazazi wakacheka wakapiga makofi. Mama mmoja akasema watoto wetu wana heshima jamani. Mwalimu alicheka. Hata mleta kuni alitabasamu kwa aibu akawapungia mkono. Nilidhani nimewaonyesha hatari, kumbe nimewaonyesha adabu.

Kaka yangu akangoja kicheko kiishe, akasema polepole, "Ndugu yangu, hiyo hofu umetoka nayo Rift. Huku mtoto ni wa wote. Kama desturi zetu zimekushinda, si urudi ulikotoka?"

Lango bado ni kamba ya mgomba. Yule mtoto wa kaka akinipita na pikipiki ananiita "Mzee Usalama", na stendi nzima ya bodaboda inacheka. Chekechea nyingine ya kumhamishia Moraa iko ng'ambo ya barabara kuu yenye magari mengi. Nimefikiri kwenda kwa afisa wa watoto, lakini kaka ameniambia siku nitakayokwenda, nibomoe nyumba yangu nitoke kwenye ardhi yake. Mke wangu ananisihi ninyamaze. Asema amefukuzwa mara moja, inatosha.

Nikajaribu njia yangu. Nilimfundisha Moraa kwamba tata ni mmoja tu, yule wa viatu. Juzi jirani yetu mwema alimsalimia, mtoto akamtazama akanyamaza. Jirani akaniambia, "Mzee, huyu umemharibu." Tulipoachana naye Moraa akaniuliza, "Sokoro, yule si tata tena?"

Namnyang'anya mtoto wa miaka minne heshima yake kwa sababu watu wazima wamekataa kununua kufuli.

Nyinyi wazazi na walimu mnaosoma, nipeni mawazo. Niende kwa afisa, mimi na mke wangu tukose pa kulala, au nikae kimya mpaka aje tata ambaye hatutamfahamu? Shauri lolote nitalipokea isipokuwa lile la kaka yangu. Pale palipokuwa nyumba yangu pana mahindi ya mtu mwingine. Kule sitarudi.