Waya Chini ya Utepe

Mwaka mmoja niliacha watoto wangu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa mama mkwe, nikapata kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja wa mjini, mtaa wa Nyamityobora. Tulikuwa wapiga pasi wawili: mimi, mkimbizi wa Kivu Kusini, na mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, mwenye mimba yake ya kwanza. Bosi wetu, mama wa makamo, alinipa pia kazi ya kukagua pasi kila asubuhi kabla hazijawashwa. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa umeme, nami nilijua alivyofanya: tazama plagi kama imeungua, waya kama umechubuka, mpini kama umepasuka. Macho tu yanatosha.

Asubuhi moja niliona waya wa pasi ya pili umechunika pale unapoingia kwenye mpini. Shaba ilikuwa nje. Nikampelekea bosi.

"Mama, hii tusitumie. Inaweza kuua mutu."

"Funga na utepe," akasema. "Nguo ya askari nataka leo. Kama wewe naogopa, rudi Nakivale. Watu ya kutaka kazi iko mingi."

Nikafunga. Siku tatu niliitumia mwenyewe, nimesimama juu ya ubao kwa sababu sakafu ya kufulia haikukauka kamwe, na kila nilipoigusa nilimwomba Mungu. Siku ya nne nililetewa habari kwamba kitinda mimba wangu anaharisha damu. Nikawaza, nikifa leo, nani atamtazama? Nikachukua ile pasi nyingine, isiyo na kasoro. Ile ya utepe nikaiacha mezani kwa mwenzangu. Sikusema neno.

Hakupiga kelele. Nilisikia meza ikigonga ukuta, nikageuka, nikamwona amekakamaa, mkono umeng'ang'ania mpini. Nilikimbilia swichi kubwa ukutani, nikazima. Akaanguka kwenye maji.

Hospitalini walisema yeye atapona. Mtoto tumboni alikuwa amekwisha kufa.

Nilimkuta amelala chali, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwikoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi la mumewe. Lakini alikuwa peke yake.

"Wewe naliona hiyo waya?" akaniuliza.

"Niliona, dada. Niliogopa kufukuzwa."

Akautazama mkono wake uliofungwa.

"Mimi pia naliona," akasema. "Siku ile wewe nafunga utepe. Mimi pia naogopa kufukuzwa."

Nilitamani anitukane. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, tukalia bila kutazamana, mpaka muuguzi akanitoa.

Bosi alitufukuza wote wawili kabla ya juma kwisha. Nilirudi Nakivale, nikalima mahindi ya watu msimu ule na uliofuata. Mtoto wangu alipona. Mwenzangu sikumwona tena.