Kijiji cha Ufaransa Nilichokisomesha Matrah

Siku yangu ya kwanza kusomesha Maskati, mwaka 1964, sikuwa na skuli. Nilikuwa na chumba cha chini katika nyumba ya shangazi yangu huko Matrah, ubavuni mwa Maskati, mlango mkuukuu tulioupaka rangi nyeusi ukawa ubao, na wasichana wachache waliotoka Unguja kama mimi. Skuli ya serikali ya wasichana haikuwapo. Nilikuwa nimesomea ualimu, na sikukubali ualimu wangu ufe kwa sababu tumehama.

Nyinyi walimu wa leo mna vitabu vya kila darasa. Mimi nilitoka na kimoja tu sandukuni, cha jiografia, kilichoeleza kijiji kidogo cha Ufaransa: namna kilivyokaa na yaliyokipata. Kilikuwa kwenye kona ya mto, nyumba za mawe zimepanda kilima, daraja moja, mashamba ya mizabibu, na kanisa juu kabisa. Zamani kilizungushiwa ukuta kwa kuogopa maadui. Baadaye tauni ikaua watu wengi, kisha reli ikapita mbali nacho, vijana wakahamia mjini. Juu ya kijiji hicho nikaandika azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula mzima.

Mwalimu Mkuu wangu wa Unguja alikuwa akitwambia, "Jiografia msiianze kwa majina. Anzeni kwa maji. Ukijua maji yako wapi, utajua watu wamekaa wapi na wamegombania nini." Ndivyo nilivyosomesha. Zana za kufundishia, vile vitu vya kushikika vinavyomsaidia mtoto kuelewa, tulizitoa jikoni: kanga ya buluu ikawa mto, vinu vikawa vilima. Wasichana wakaanza kuuliza wenyewe. Nani alifika kwanza? Kwa nini waliondoka?

Asubuhi moja akaja Bwana Nasor, mfanyabiashara wa sokoni, baba yake Salma. Hakuingia ndani.

"Bi Mwalimu, nnaambiwa unawasomesha watoto wetu makanisa na mvinyo."

"Nnawasomesha namna watu wanavyokaa na ardhi yao, Bwana Nasor. Kanisa nimelitaja kwa kuwa lipo. Na zabibu hata kwenye mlima wetu wa Jabal Akhdar zipo."

"Salma harudi tena," akasema, akaondoka na mwanawe.

Wiki ile ile wakapungua wengine. Shangazi akanikalisha kitako. "Mwanangu, funga. Tumekuja hapa kutafuta salama. Maneno haya yakifika kwa wakubwa, tutakwenda wapi tena?"

Nilimwelewa. Hofu yake ilikuwa ya haki, na mimi nilikuwa nayo pia. Lakini nilimwambia, "Shangazi, nipe wiki moja. Nikishindwa nitafunga mwenyewe."

Nikavaa buibui nikenda kwa Bwana Nasor. Sikwenda kubishana. Nilimwambia muhula huu nataka wasichana wasome kijiji cha Oman, na sina kitabu chake. Yeye wazee wake walitoka kijiji cha bondeni, huko bara ya Oman. Je, angekubali kuja kutusimulia? Mkewe, aliyekuwa nyuma ya pazia, akasema, "Nenda, baba Salma. Hata mimi hujapata kunisimulia."

Akaja, na Salma pamoja naye. Nikatandika ile kanga sakafuni, nikawaachia wasichana. Wakamuuliza maji yalitoka wapi. Akaeleza falaji, mfereji uliochimbwa chini kwa chini tangu mlimani, na namna kila ukoo ulivyokuwa na zamu yake ya kumwagilia mitende. Alianza kwa kujizuia. Baada ya muda alikuwa amepiga magoti, anapanga kokwa za tende kuonyesha nyumba, mnara, msikiti.

Ndipo Salma akauliza, "Baba, mbona babu aliondoka?"

"Falaji ilikauka," akajibu Bwana Nasor. "Mitende ikafa. Babu yako akauza jambia lake, akapanda chombo kwenda Unguja. Alisema atarudi." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akanigeukia. "Na huko kwa hao Wafaransa, mto wao uliwahi kukauka?"

"Haukukauka," nikamjibu, "lakini watu waliondoka vilevile."

"Basi wasomeshe," akasema. "Wasomeshe vyote viwili."

Wasichana wakarudi, na wakaongezeka. Ilipofunguliwa skuli ya wasichana mwaka 1970, nikenda kuomba kazi, na Mkaguzi wa Elimu akaniuliza cheti. Nikamwambia kimebaki Unguja, lakini wanafunzi wangu wako hapa, awaulize apendavyo. Akawauliza. Akasema, "Anza Jumamosi." Nilisomesha Maskati, nikahamishiwa skuli ya Wattaya, mpaka nikastaafu.

Sasa nnasomesha wanawake wazima barazani kwangu. Ukiwa mwalimu hustaafu. Unabadilisha wanafunzi tu. Juzi bibi mmoja aliyenipita umri aliandika jina la kijiji chake kwa mara ya kwanza maishani. Akaliangalia sana.

"Kumbe fupi hivi," akasema, akaliandika tena.